Kompyuta Mpakato ya Zamani Inapokuwa Nzito Ghafla: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kompyuta mpakato iliyotumika miaka minane au tisa haitegemewi kukimbia kama mpya, na mwenye nayo huwa amekwisha kuzoea kuisubiri. Uzito wa namna hiyo huja polepole, programu zinavyozidi kuwa kubwa na mafaili yanavyozidi kujaa. Mwongozo huu unahusu hali nyingine: mashine iliyofanya kazi zake zote Ijumaa, na Jumatatu inachukua robo saa kuwaka, kipanya kinasogea kwa kurukaruka, na herufi ikibonyezwa huonekana baada ya sekunde kadhaa. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Pale ambapo mabadiliko yamekuja ghafla, kuna kitu kimoja kilichovunjika, kilicholegea, kilichoziba au kilichoingia, na kitu hicho kinaweza kupatikana.

Hapa Tabora dawa inayotolewa kwanza, mara nyingi kabla hata mashine haijafunguliwa, ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisakinisha tena. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini una kasoro mbili. Kwanza, vyanzo vingi vya uzito wa ghafla viko kwenye vifaa wala si kwenye Windows, kwa hiyo mteja hulipia kazi ambayo haitamsaidia. Pili, ikiwa diski ngumu imeanza kufa, kuiandikia mfumo mzima upya ndiko kunakoimalizia, na yaliyomo hupotea. Kwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kule Urambo au Sikonge, ambaye orodha ya wanachama, mizani na malipo ya msimu mzima viko kwenye mashine moja, hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya kompyuta yenyewe.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza, kabla ya uchunguzi wowote, ni kunakili mafaili muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Anza na yale yasiyoweza kutengenezwa tena, yaani hesabu, mikataba, orodha na picha za familia. Sinema na nyimbo zisubiri. Mashine ikiganda katikati ya kunakili, ruka faili hilo na uendelee na mengine, kwa kuwa kuganda kwenye faili moja tu tayari ni dalili ya tatizo la diski litakaloelezwa hapa chini.

Pa kuanzia

Washa mashine na uingie kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijaanza, kwa kubonyeza F2 katika kompyuta nyingi za Dell, F10 katika nyingi za HP, au F1 katika ThinkPad za Lenovo. Ukurasa huo hauitegemei Windows hata kidogo. Kama hata humo mshale unasogea kwa kusitasita, Windows haihusiki, na utafutaji uelekezwe kwenye umeme, joto na vifaa. Kama BIOS inafunguka upesi na uzito unaanza pale nembo ya Windows inapotokea, chanzo bado kinaweza kuwa chochote.

Jaribio la pili lina thamani kubwa kuliko yote, ingawa mafundi wengi hulipuuza: kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, bila kusakinisha chochote. Flashi ya GB 8 inatosha. Mfumo huo huendeshwa kutoka kwenye flashi na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) na hauhitaji diski ya ndani, kwa hiyo unakupa nafasi ya kuiona kompyuta ikifanya kazi bila Windows na bila diski yake. Kufunguka mara ya kwanza kutachukua muda kidogo kwa sababu flashi yenyewe ina kasi ndogo. Usihukumu kwa hilo. Hukumu kwa namna madirisha yanavyosogea na menyu zinavyofunguka baada ya hapo. Ikienda vizuri, ugonjwa uko kwenye diski au ndani ya Windows. Ikijikokota vilevile, ugonjwa uko kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM, chaja au mfumo wa kupoza.

Ndani ya Windows, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager, kisha uguse neno More details kama dirisha limefunguka dogo. Safu tatu ndizo za kutazamwa: CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk. Usizisome mara tu baada ya mashine kuwaka, kwa kuwa kila Windows huwa na shughuli nyingi wakati huo. Subiri dakika tano au zaidi huku hujafungua kitu chochote, ndipo utazame ni safu ipi imebaki juu.

Disk imekaa kwenye 100% na hakuna unachofanya

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi kwenye mashine za zamani zenye diski ngumu ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5400 kwa dakika. Asilimia mia peke yake haithibitishi kwamba diski ni mbovu, kwani inaweza kuwa na kazi halali. Fungua ukurasa wa Performance, chagua Disk, kisha usome vitu viwili kwa pamoja: kiasi cha data kinachosomwa au kuandikwa kwa sekunde, na kile kipimo kinachoitwa Average response time. Diski yenye shughuli halali itaonyesha makumi ya megabaiti kwa sekunde na muda wa kujibu wa milisekunde chache, au makumi kadhaa. Diski inayokufa huonyesha kinyume: kasi ya kilobaiti chache, au sifuri kabisa, huku muda wa kujibu ukiruka hadi milisekunde elfu moja, mbili, hata tano. Maana yake ni kwamba diski inarudia kusoma sehemu ileile bila kufanikiwa, na kila programu inayohitaji chochote kutoka kwenye diski imepanga foleni nyuma yake.

Uthibitisho hupatikana mahali pawili. Katika Event Viewer, chini ya Windows Logs na kisha System, tafuta maonyo yenye chanzo disk. Namba 7 inaripoti sehemu mbovu kwenye diski, na namba 153 inaeleza kwamba ombi la kusoma au kuandika limelazimika kurudiwa. Onyo moja la mwaka jana si kitu. Msururu wa maonyo ya juzi na jana ni jibu. Mahali pa pili ni programu ya bure ya CrystalDiskInfo, ambayo husoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Rangi ya buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Usiishie kwenye rangi, bali tazama mistari ya 05, C5 na C6, inayohusu sekta zilizokwisha kuhamishwa, zinazosubiri uamuzi, na zilizoshindikana kabisa. Thamani zake huandikwa kwa mfumo wa hexadesimali, kwa hiyo usishangae kuona herufi katikati ya tarakimu. Inayotakiwa ni sifuri tupu. C5 ikiwa na namba yoyote, na kesho yake namba hiyo imepanda, diski hiyo haina muda.

Mstari wa C7 una habari tofauti. Huo huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi kuu, na ukipanda huku ile mingine ikiwa sifuri, mshukiwa ni waya mwembamba wa kuunganishia diski au kiungio kilicholegea. Hapo kufungua kifuniko, kuichomoa diski na kuirudisha kwa uthabiti kunaweza kumaliza tatizo bila gharama.

Jambo la kuepuka ni kuendesha chkdsk yenye herufi /r kabla ya kunakili mafaili. Amri hiyo husoma kila sehemu ya diski, hudumu kwa saa nyingi, na kwa diski iliyo taabani ni sawa na kumkimbiza mgonjwa. Nakili kwanza. Diski ikishathibitika kuwa mbovu haitengenezwi. Hubadilishwa, na mahali pake iwekwe SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya aina ya SATA ya inchi 2.5 ambayo huingia kwenye nafasi ileile. Kompyuta ya mwaka 2014 yenye SSD huwa na kasi ambayo hata ilipokuwa mpya haikuwa nayo, na huu ndio ukarabati pekee wa mashine ya zamani ambao kwa maoni yangu unastahili fedha yake karibu kila mara. SSD inunuliwe mahali ambapo utaruhusiwa kurudisha, na siku hiyohiyo uijaribu kwa H2testw, programu inayojaza nafasi yote na kuisoma tena, kwa kuwa ziko zinazoandikwa GB 480 na ndani yake hazifiki hata robo ya hapo.

Kila kitu ni kizito, pamoja na BIOS

Hapa watu wengi hupotea. Katika ukurasa wa Performance wa Task Manager chagua CPU na utazame neno Speed. Prosesa ambayo kasi yake ya kawaida ni GHz 2.4 inaweza kushuka chini ya hapo ikiwa haina kazi. Hilo ni la kawaida. Lakini ukifungua programu tatu nne kwa pamoja, matumizi yakapanda, na kasi ikabaki imeganda kwenye GHz 0.79 au karibu na hapo, prosesa imefungwa breki kwa makusudi. Mara nyingi anayefunga breki hiyo ni chaja.

Katika kompyuta nyingi za Dell kuna pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja, ambayo kazi yake ni kuijulisha mashine kwamba chaja iliyochomekwa ni ya wati ngapi. Pini hiyo ikipinda, waya wake ukikatika kwa ndani, au chaja ikiwa ya kuiga isiyo na mawasiliano hayo, mashine huwaka kama kawaida lakini hukataa kuchaji betri na hushusha kasi ya prosesa ili isivute umeme mwingi kuliko chaja inavyoweza kutoa. Wakati mwingine ujumbe kuhusu chaja isiyotambulika hutokea kwenye skrini mara tu unapoiwasha, na mtu huubonyezea kitufe upite bila kuusoma. Baadhi ya mashine za kampuni nyingine hufanya vivyo hivyo kwa njia zake.

Mazungumzo ya fundi na mama mwenye steshenari huko Ng'ambo yanaweza kuwa mafupi tu:

“Shikamoo mama. Chaja hii ndiyo iliyokuja na mashine?”

“Marahaba mwanangu. Ile waya wake ulitafunwa na panya. Hii nimeinunua wiki iliyopita, na inawasha vizuri tu.”

Katika majibu hayo mawili utambuzi umekwisha nusu. Kinachobaki ni kuthibitisha: mashine ikiwa inawaka na Task Manager iko wazi, chomoa chaja na uiache itumie betri. Kasi ikiruka kutoka 0.79 kwenda 2 au zaidi ndani ya sekunde chache, chaja imekutwa na hatia. Betri ikiwa imekufa jaribio hili halifanyiki, na itabidi kuazima chaja halisi yenye wati zinazotakiwa. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea zilizoandikwa upande wa kutoa umeme: volti 19.5 mara ampea 3.34 ni takriban wati 65, na volti 19.5 mara ampea 2.31 ni wati 45. Mashine iliyotengenezwa kwa wati 65 ikipewa chaja ya 45 inaweza kuwaka siku nzima na kujikokota siku nzima.

Wengi hapa hulaumu umeme mdogo. Lawama hiyo kwa kawaida haina msingi katika suala hili, kwa sababu chaja za kompyuta mpakato hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, na taa zikififia jioni chaja haisikii tofauti. Kinachodhuru ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Huo unaweza kuharibu chaja, na kukatika kwenyewe kunaweza kuzima mashine isiyo na betri ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski. Kwa hiyo kama uzito ulianza asubuhi baada ya usiku wa umeme kukatika na kurudi mara kadhaa, chunguza chaja na diski zote mbili.

Inaenda vizuri mwanzoni, kisha inazorota

Mashine inayowaka kwa wepesi na kuanza kukwama baada ya dakika kumi na tano, hasa ukifungua video au vichupo vingi vya kivinjari, inaumwa joto. Prosesa inapokaribia nyuzi joto 95 hadi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Programu kama HWiNFO itakuonyesha joto hilo, lakini hata bila programu utasikia feni ikivuma kwa nguvu huku hewa inayotoka ubavuni ikiwa chache au haipo.

Kiangazi cha Tabora huanza mwezi Mei na kuendelea hadi Oktoba, na katika miezi hiyo vumbi la barabara zisizo na lami huingia kila mahali pasipozibwa. Kufikia Septemba na Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30, chumba chenye bati bila dari huwa na zaidi, na kompyuta iliyovumilia tangu Juni hushindwa katika wiki moja. Ndiyo maana tatizo lililojengeka kwa miezi huonekana kama limezuka leo.

Kuipulizia mashine kwa nje hakutoshi, na hapo ndipo usafi mwingi unapoharibikia. Vumbi linaloziba hewa halikai kwenye panga za feni. Hukaa nyuma yake, kwenye mlango wa mapezi membamba ya chuma ambayo hewa hupitia ikienda nje. Huko hushikamana na nyuzinyuzi za nguo na nywele, likawa tabaka la kijivu unaloweza kulibandua kwa kibano likatoka zima. Ili kulifikia, zima mashine, chomoa chaja, ondoa betri, fungua kifuniko cha chini, kisha ufungue skrubu za feni na kuinyanyua. Brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli vinatosha. Unapopuliza, zuia panga zisizunguke kwa kijiti cha meno, kwani kuzungushwa kwa upepo mkali huharibu beringi zake. Kompresa ya gereji iepukwe: msukumo wake ni mkubwa mno na mara nyingi hutoa majimaji pamoja na hewa.

Ikiwa mapezi ni safi na joto bado linapanda upesi, pesti ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba imekauka. Futa ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, na ukaze skrubu kwa kufuata namba zilizochorwa pembeni yake. Vilevile, aliyeiweka mashine kitandani au juu ya godoro aiondoe huko kabla ya kumtafuta fundi.

Memory imepita 90%

Fungua Settings, kisha System, kisha About, na usome kiasi cha RAM kilichoandikwa. Mashine iliyouzwa na GB 4 ikionyesha GB 2, kipande kimoja kimelegea au kimekufa. Hili hutokea baada ya safari: mtu ametoka nayo Kaliua kwenye begi lililowekwa sakafuni mwa basi, na mitikisiko imefanya kazi yake. Vitoe vipande vyote viwili, safisha meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, na uvirudishe hadi klipu za pembeni zijifunge zenyewe.

Kama RAM iko kamili, basi ni matumizi. GB 4 kwa Windows 10 pamoja na kivinjari chenye vichupo ishirini haitoshi.

CPU inashikiliwa na programu usiyoifungua

Bonyeza kichwa cha safu ya CPU ili inayotumia zaidi ipande juu, na usome jina lake. Katika mji ambao wengi huunganisha kompyuta kwa bando la simu, mara moja kwa wiki au kwa mwezi, kisa cha kawaida ni hiki: mashine ikishaipata intaneti huanza kupakua masasisho yote yaliyolimbikizwa, kuyasakinisha na kukagua mafaili, kazi zinazoonekana kwa majina ya Windows Modules Installer Worker (TiWorker) na Antimalware Service Executable. Itakuwa nzito kwa saa kadhaa, kisha itapoa yenyewe. Iache iwake usiku kucha ikiwa kwenye chaja. Ili isirudie wakati wa kazi, weka alama ya Metered connection kwenye mtandao wa simu hiyo, jambo ambalo pia huokoa bando.

Programu mbili za kuzuia virusi zikikaa kwenye mashine moja hukaguana na kukwamishana, bakiza moja. Jina lisiloeleweka linalokula 80% ya prosesa hata intaneti ikiwa imezimwa linaweza kuwa programu ovyo iliyoingia pamoja na kile kifaa cha kuvunjia leseni ya Windows au Office, au iliyobebwa na flashi za wateja. Endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao hufanyika kabla Windows haijaamka. Ukishindikana, hapa sasa kupiga Windows upya ni tiba halali, mradi mafaili yamenakiliwa na flashi iliyotumika nayo ikaguliwe.

Sehemu ya C ikiwa nyekundu kwenye This PC, ondoa sinema, endesha Disk Cleanup, na ubakize walau sehemu moja ya kumi ikiwa wazi. Hakuna zaidi ya hapo.

Kuamua kama mashine inastahili gharama

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, huanzia kizazi cha nane. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 haziingii humo kwa njia rasmi. Hilo halizifanyi kuwa taka: yenye GB 4 za RAM na SSD huendesha Linux Mint na LibreOffice (programu za bure za ofisi) kwa utulivu, na kwa kazi ya barua, hesabu na uchapaji mtumiaji hatapungukiwa na kitu kikubwa. Anayelazimika kutumia programu fulani ya Windows pekee ndiye anayepaswa kufikiri mara mbili kabla ya kununua vipuri.

Inabaki hali moja ngumu. Mashine imesafishwa, chaja ni halisi, RAM iko kamili, Linux Mint nayo inajikokota, na kasi ya prosesa haisogei kutoka 0.79. Hapo kipimo kimojawapo kwenye bodi kuu kinatoa taarifa ya uongo ya joto au umeme, na prosesa inaitii. Programu ya ThrottleStop ina kisanduku cha BD PROCHOT ambacho ukikiondolea alama prosesa huacha kusikiliza taarifa hiyo, na kasi hurudi papo hapo. Lakini umeondoa pia kinga inayotumika pale kifaa kingine kinapopata joto kweli, kwa hiyo njia hiyo itumike kumalizia kazi iliyopo tu. Bodi nyingine kwa mashine ya umri huo kwa kawaida hugharimu karibu sawa na kompyuta nzima iliyotumika. Ni afadhali kuitoa SSD, kuiweka ndani ya kasha la USB, na kuendelea kuitumia kama diski ya nje kwenye mashine itakayofuata.